Ukiuziwa spea isiyo ya gari yako, muhali usiile fedha ya familia

Maduka mengi ya spea yana karatasi moja ukutani. Nyengine imechapwa vizuri, nyengine imeandikwa kwa kalamu tu: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Familia nyingi zikiisoma karatasi hiyo huona maneno yamekwisha. Spea isiyoingia kwenye gari hurudi nyumbani, ikawekwa juu ya kabati au chini ya kiti cha gari, na fedha ya kununua nyengine ikatafutwa. Mara nyingi hutoka kwenye chakula, kwenye tuisheni ya mtoto au kwenye kibubu cha mama. Hakuna anayeiandika hasara hiyo popote, lakini nyumbani inajulikana, kwa sababu wiki ile samaki alipungua kwenye sinia.

Sheria haiko upande wa karatasi ile kama watu wanavyodhani. Na kinachowazuia wazazi wengi kurudi dukani si kutoijua sheria peke yake. Ni muhali.

Noah si gari moja

Familia moja ya Chwaka, baba, mama na watoto watatu, ina Toyota Noah ya zamani. Asubuhi hupeleka watoto wa majirani skuli, mchana hubeba yeyote mwenye safari. Ndiyo gari ya nyumba na ndiyo riziki ya nyumba.

Wiki moja kabla ya skuli kufunguliwa, breki zilianza kupiga kelele. Fundi wa hapo kijijini alifungua tairi la mbele, akatazama, akasema pedi zimekwisha, kimebaki chuma. Mama alikuwa na safari ya mjini, kiasi cha kilomita 30, kumpeleka mtoto mdogo kliniki Mnazi Mmoja. Akaagizwa apitie duka la spea aje na breki pedi za mbele za Noah. Akanunua kwa shilingi 45,000, akaomba risiti, akapewa, akapanda gari ya abiria na mtoto amelala begani.

Jioni fundi alizitoa pedi kwenye boksi, akaziweka pembeni ya zile kuukuu. Alijua hapo hapo. Mpya zilikuwa pana zaidi na masikio yake yamekaa kwengine.

"Shemeji, hizi ni za Noah kweli," alisema, "lakini si Noah yenu."

Hapo ndipo penye tatizo ambalo wengi hawalijui. Noah ni jina la magari kadhaa yasiyofanana. Iko ile ya zamani, SR40 na SR50, ambayo injini yake imekaa chini ya viti vya mbele. Iko AZR60, iliyotoka mwaka 2001, ambayo injini iko mbele kabisa na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Kisha ikaja ZRR70 mwaka 2007. Jina nyuma ya gari ni lile lile, lakini breki, shokapu na vitu vingi vya ndani ni tofauti. Mtu akisema dukani "nipe ya Noah", bado hajasema anataka nini, na muuzaji anayejua kazi yake anapaswa kuuliza: Noah ipi?

Fundi alikuwa na njia yake ya kumaliza shida. Aliomba aletewe tupa azipunguze masikio zile pedi mpaka ziingie.

Ushauri huo umetolewa katika gereji nyingi, na wazazi wengi wameukubali bila kujua wanakubali nini. Pedi inatakiwa icheze kwa uhuru ndani ya nafasi yake, ibane diski sawasawa na iachie. Iliyopigwa tupa inaweza kukwama au kukaa upande, na dereva akikanyaga breki gari ikavuta kushoto au kulia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Gari ya kupelekea watoto skuli si mahali pa kujaribu tupa.

Liko na la pili. Vumbi la pedi si la kuvuta, na baadhi ya pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini yanayosababisha saratani. Watoto hupenda kuchutama pembeni ya fundi wakati anafanya kazi. Wakati wa kusafisha breki, waondoshwe.

Mama akakataa tupa. Akasema zitarudishwa.

Muhali wa upande mmoja

Baba watoto alitaka yaishe. Mwenye duka anakaa mtaa mmoja na ami yake.

"Niende nikamdai mtu elfu arubaini na tano? Kesho tunakutana maziko ya jamaa, nitamtazama vipi?"

"Na keshokutwa watoto watapanda gari gani?" mama aliuliza.

Kwa asiyekulia visiwani, neno muhali ni gumu kulifafanua. Ni kuona haya kumwambia mtu jambo, hata la haki, kwa sababu mnajuana, mnazikana, watoto wenu wamesoma chuo kimoja. Muhali una uzuri wake mkubwa. Ndio unaozuia majirani kufikishana polisi kwa kuku aliyevuka ukuta. Kisiwa kidogo kisingekalika bila muhali.

Lakini muhali una pande mbili. Mnunuzi anaona muhali kudai, basi na muuzaji aone muhali kubaki na fedha ya mtu kwa kitu kisichomfaa. Ikiwa mmoja ndiye anayeona haya kila siku na mwengine ndiye anayepokea, huo si ujirani mwema tena. Ni hasara inayovishwa nguo ya adabu.

Wala kurudisha mali si jambo geni lililoletwa na wazungu. Wazee waliofanya biashara Darajani na Mkunazini wanaijua khiyari ya aibu, haki ya mnunuzi katika sheria ya Kiislamu kurudisha alichonunua akikuta kina kasoro ambayo hakuijua wakati wa kununua. Na kisa cha Mtume aliyeingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini ni mbichi, kisha akamkemea muuzaji, husomeshwa watoto tangu chuoni. Anayerudi dukani kwa upole na kusema "hiki sicho" hajavunja heshima ya mtu. Amefuata njia iliyokuwepo kabla ya maduka yenyewe.

Mama alirudi mjini siku ya pili. Pedi zilikuwa ndani ya boksi lake, hazijaguswa na tupa wala grisi. Alikuwa na risiti, na kwenye simu alikuwa na picha mbili: kadi ya gari inayoonyesha namba ya chasisi, na pedi mpya zikiwa pembeni ya zile kuukuu.

Alisalimia, akauliza hali za nyumbani, kisha akaeleza. Muuzaji akanyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani.

"Hiyo nimeiona, kaka," mama alijibu. "Ingekuwa nimebadili mawazo ningekaa kimya. Nilikwambia breki za mbele za Noah, hukuniuliza Noah ipi, ukanipa unazozijua wewe. Mie najua nini kuhusu breki?"

Muuzaji akatafuta za SR40, hakuwa nazo. Akamwambia achukue oili au kitu chengine cha thamani ile ile. Mama akasema oili hawahitaji, wanahitaji breki. Yakapita maneno mawili matatu, bila ya ukali, na mteja mwengine amesimama anasikiliza. Mwisho akarudishiwa shilingi 45,000 zake. Nauli ya safari ya pili hakupewa, naye hakuidai.

Sheria inasema nini

Misingi ya sheria za mauzo katika Afrika Mashariki inatokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na mitatu kati yake inamhusu moja kwa moja mnunuzi wa spea.

Wa kwanza: bidhaa ilingane na ilivyoelezwa. Boksi likisema ni pedi za AZR60 na ndani mna za gari nyengine, muuzaji hajatimiza mauzo.

Wa pili: ukimweleza muuzaji unataka kitu kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, na kazi yake ndiyo kuuza vitu hivyo, kitu hicho kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Ndiyo maana maneno unayoyasema dukani yana uzito. "Nipe pedi namba fulani" ni maneno ya mtu aliyechagua mwenyewe. "Gari yangu ni hii, namba ya chasisi hii, nipe pedi zake za mbele" ni maneno ya mtu aliyemwachia muuzaji achague, na kuchagua vibaya kukawa ni kosa la muuzaji.

Wa tatu: mnunuzi ana haki ya kukikagua kitu ndani ya muda unaofaa kabla ya kuhesabika amekikubali. Haki hiyo hupotea ukikaa nacho muda mrefu bila kusema, au ukikifanyia jambo ambalo mwenye mali tu ndiye angelifanya, kama kukichonga. Tupa ya fundi ingeiondoa haki ya kurudishiwa fedha hapo hapo, mbali ya kuwahatarisha watoto.

Muuzaji aliyevunja misingi hiyo hawezi kukulazimisha uchukue bidhaa nyengine badala ya fedha. Kubadilishana ni makubaliano, mkiridhika nyote. Ama karatasi ya ukutani, inaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo tu, aliyenunua shokapu nyeusi kisha akaona afadhali zile nyekundu. Haiwezi kuligeuza kosa la muuzaji likawa la mnunuzi.

Zanzibar ina sheria yake ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, Namba 5 ya mwaka 2018, na chombo chake ni Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar (ZFCC), ambayo hupokea malalamiko ya wanunuzi. Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, chini ya Tume ya Ushindani (FCC). Ndani yake mna masharti yanayohesabika kuwemo katika mauziano hata kama hakuna aliyeyatamka, likiwemo la bidhaa kulingana na maelezo yake. Tofauti hii muhimu kwa familia za Unguja, kwa kuwa spea nyingi huagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, zikaja kwa boti. Duka likiwa Bara, lalamiko linakwenda Bara.

Majirani nao wamo kwenye njia hii. Kenya iliziingiza haki za mtumiaji katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, mnunuzi aliyeuziwa kitu kisicho sawa dukani ana siku 30 za kukikataa na kurudishiwa fedha yote.

Nani aliyekosea?

Haki inataka ukweli, na mara nyengine aliyekosea si muuzaji.

Ukimtajia muuzaji namba ya spea isiyo sahihi, naye akakupa hiyo hiyo uliyoitaja, amefanya alivyoambiwa. Akikubali kukubadilishia, ni hisani yake. Mshukuru.

Fundi akienda kununua mwenyewe kwa fedha yako, akakosea, mgeukie fundi kwanza. Na hapa pana jambo lisilosemwa: baadhi ya mafundi huongeza cha juu kwenye bei, kwa hiyo hawataki risiti ifike mkononi mwako. Spea ikikataa kuingia, huna hata jina la duka. Mlipe fundi ujira wake vizuri na uweke sharti kwamba risiti na boksi vije kwako.

Kwa vitu vya umeme, kama sensa, wauzaji wana hofu ya kweli. Wapo watu wanaonunua, wanakwenda kujaribu kama ndicho kilichoharibika, kisha wanarudisha kilichotumika. Spea za mtumba nazo zina ugumu wake, kwa sababu hakuna ajuaye zilitumika kiasi gani. Kwa vitu hivi ni bora kukubaliana kabla ya kulipa. Mwambie muuzaji aandike nyuma ya risiti: gari gani, namba ya chasisi, na kwamba isipoingia inarudishwa ndani ya siku kadhaa. Wauzaji wengi wazuri hukubali. Anayekataa kuandika mstari mmoja amekupa jibu kabla hujatoa fedha.

Kabla ya kulipa

Namba ya chasisi ndiyo inayomaliza ubishi. Kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo mengi huku, namba hiyo huanza na herufi na tarakimu za toleo, mfano SR40 au AZR60, kisha kistari na namba ya gari lenyewe. Iko kwenye kadi ya gari, na iko kwenye kibati ukifungua boneti.

Kwa spea halisi za Toyota, angalia pia namba ya kwenye boksi. Ina sehemu mbili za tano tano. Tano za mwanzo hutaja aina ya kitu: 04465 ni pedi za breki za mbele, 04466 ni za nyuma. Tano za mwisho ndizo zinazotofautisha gari na gari. Maboksi mawili yanaweza yote kuanza na 04465 na yakawa ya magari mawili tofauti kabisa.

Ikiwezekana chukua kile kikuukuu uende nacho dukani, ukivunge kwenye gazeti. Kama hakitoki kwenye gari mpaka kipya kifike, kipige picha na rula pembeni yake.

Dai risiti ya kielektroniki. Wengi wanaijua kama jambo la kodi, lakini kwako ni ushahidi kwamba ulinunua, wapi na lini. Ukiagiza kwa simu, andika ujumbe badala ya kupiga tu, utume na picha ya kadi ya gari. Maneno ya simu hupotea hewani, ujumbe unabaki.

Usitupe boksi mpaka kitu kifungwe na gari ijaribiwe.

Muuzaji akikataa

Anza kwa kuzungumza, na nenda wewe uliyenunua. Sema unachotaka kwa uwazi: kurudishiwa fedha, au kubadilishiwa. Mtu anayelalamika bila kusema anataka nini humpa mwenziwe nafasi ya kumpa pole tu.

Akikataa, mtumie ujumbe mfupi wenye tarehe ya kununua, kitu ulichonunua, bei, tatizo na siku unazompa za kujibu. Usitukane, wala usikimbilie kumweka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Ukimchafulia jina, kesi iliyokuwa yako itakuwa yake.

Ikishindikana, peleka lalamiko ZFCC ukiwa na nakala ya risiti, picha na ule ujumbe. Ukienda na makaratasi yaliyopangika, utasikilizwa kwa urahisi zaidi kuliko ukienda na hasira.

Wapo watakaosema usumbufu wote huu kwa elfu arubaini na tano haufai. Kwa mwenye nacho, labda. Kwa mama anayekausha mwani ufukweni Chwaka, fedha hiyo ni jua la siku nyingi. Na muuzaji aliyewahi kurudisha fedha mara moja huanza kuuliza "Noah ipi?" kwa kila mteja anayekuja. Aliyedai amewasaidia na wasiomjua.

Leo usiku, watoto wakishalala, fungua kabati utoe kadi ya gari. Ipige picha, mtumie na mwenzako, iwe kwenye simu za baba na mama wote wawili. Siku breki zitakapopiga kelele, yeyote atakayekuwa mjini atajua la kusema dukani.